Anayemiminiwa Chai Kwanza

Mdogo wangu tulimpa jina la Kobe kwa sababu alichelewa sana kutembea, na siku alipoanza alivuka sebule nzima polepole bila kushika mkono wa mtu. Jina likamganda. Hata leo, daktari mzima, akiingia nyumbani baba humwita Kobe naye huitika. Mimi nina sababu yangu ya ziada: akishaingiza kichwa ndani, hata umbembeleze vipi, hakitoki mpaka apende mwenyewe.

Mimi ndiye dada yake mkubwa. Ni fundi cherehani, nashona sare za shule na makoti ya hospitali, na nina mdomo, sikatai. Mama alipotutoka, Kobe alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Nikamlea mimi, maana baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na pale nyumbani alikuwa kama mgeni anayekuja na zawadi. Siku hizi amestaafu. Anashinda kibarazani na redio yake, akiwafokea madereva wa watu wengine wasiojua kurudi nyuma.

Kobe alipotangaza kwamba anataka kusomea ubingwa wa usingizi, baba aliacha kutafuna.

"Usingizi?"

"Usingizi, baba. Wa kwenye upasuaji."

"Yaani umesoma mpaka macho yamekuingia ndani, halafu ukawalaze watu? Mimi mbona nalala bila daktari?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Kobe hakucheka. Alisema kumlaza mtu hakuna shida, shida ni kumrudisha.

Alikuwa na sababu, na mimi nilikuwa naijua. Alipokuwa bado kwenye mafunzo ya vitendo, aliletwa mtu mmoja kwa upasuaji mdogo tu, mtu aliyeingia chumbani akiwatania wauguzi. King'ora cha mashine kilikuwa kimezimwa kwa kuwa kelele zake ziliwachosha. Yule mtu akapungukiwa na hewa, asigundue mtu mpaka midomo ilipobadilika rangi. Alizinduka, lakini hakuzinduka yule aliyeingia. Tangu siku hiyo mkewe ndiye anayemlisha. Kwenye kikao ikasemwa mwili wa mgonjwa umeikataa dawa. Kobe akanyoosha mkono, akataja king'ora. Hakujibiwa, na muda si mrefu akahamishiwa wodi nyingine.

Alikuja dukani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, macho makavu. "Dada, kazi hii nitaisomea," akasema. "Na nitaisomea mahali ambapo mtu akisema king'ora kilizimwa, hahamishwi." Nilidhani ni hasira, zitapoa. Hazikupoa.

Akaomba nafasi, akafanya usaili, akakubaliwa mahali pawili. Pa kwanza ni Hospitali Kubwa, hapa hapa mjini kwetu, yenye lifti na vioo kila upande, na Profesa ambaye picha yake hutoka magazetini. Pa pili ni hospitali moja ya mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, mabati yamepauka na geti linafungwa kwa mnyororo. Alitakiwa kutoa jibu kabla ya Ijumaa.

Kwetu sisi hapakuwa na swali. Baba alishawatangazia kinyozi, muuza magazeti na kila aliyepita na masikio yake. Mimi nami nilishamshonea makoti mawili meupe, nikadarizi nembo ya Hospitali Kubwa kifuani, kazi ya kuumiza macho. Kobe aliyakuta yananing'inia. Akaipapasa ile nembo, akasema, "Umeshona vizuri, dada," kisha akanyamaza. Nikajua kichwa kimeingia ndani.

"Sema," nikamwambia. "Usinifanyie ukobe hapa."

Akasema. Kumbe alikuwa ameomba kukaa kwenye vikao vya asubuhi vya hospitali zote mbili, asikilize tu. Pale Hospitali Kubwa alimwona mwanafunzi mmoja wa ubingwa, mwanaume mwenye watoto wake, akieleza kwamba alichelewa kutambua kuwa mrija wa hewa umeingia pasipo pake. Alitambua, akaurekebisha, mgonjwa akatoka salama. Profesa akamsimamisha mbele ya wenzake, akamuuliza cheti chake alikinunua duka gani. Watu wakaangua kicheko.

"Halafu akauliza nani mwingine ana la kusema. Kimya, dada. Vyumba vya upasuaji vyote vile, na hakuna hata mmoja aliyeteleza? Wanaficha. Nami nikikaa pale nitajifunza kuficha, kwa sababu mimi pia naogopa kuchekwa."

"Na huko kwenye mabati?"

Hapo uso wake ukafunguka. Huko mkuu wa idara ni mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuitia watoto waliovuka barabara. Siku ya kikao birika huwa mezani, na vikombe vitupu. Hanywi mtu mpaka mmoja aseme kosa lake la wiki, na anayelisema ndiye anayemiminiwa chai kwanza. Siku hiyo alianza mkuu mwenyewe. Alisema alitaka kumlaza mgonjwa kabla hajaukagua mtungi wa akiba wa oksijeni, na mtungi ulikuwa mtupu. Muuguzi ndiye aliyemshika mkono. Wakammiminia. Kisha wakajadili mpaka wakakubaliana kwamba mtungi ukaguliwe mgonjwa akiwa bado nje.

"Hawakumcheka?"

"Walimcheka. Na yeye akacheka."

"Kwa hiyo unachagua hospitali kwa sababu ya chai."

"Ndiyo," akasema, wala hakupepesa.

Nilimwaga maneno yote niliyokuwa nayo. Nikamwambia mashine za huko ni za zamani, walimu wa kuhesabika, na jina la hospitali hiyo halitamfungulia mlango wowote. Akaniambia yote hayo ni kweli, ameshayapima, na mengine yanamtia hofu. "Mashine mpya nitaikuta mbele ya safari, nitajifunza," akasema. "Ila nikishazoea kunyamaza, nani atanifundisha kusema?" Nikachukua mkasi nikakata uzi ambao haukuhitaji kukatwa.

Mwenyewe alitaka kwanza azungumze na baba, kwa heshima, ndipo atoe majibu. Baba hakumpa nafasi. Siku iliyofuata Kobe alikuwa ananishikia pindo la pazia, simu yake ikaita. Alikuwa Profesa, na sauti yake ilisikika mpaka kwangu.

"Daktari, tumefurahi! Mzee wako amekuja ofisini asubuhi kutuletea jibu lako. Amevaa suti, amenishika mkono, ametuchekesha kweli. Karibu sana."

Suti nilimshonea mimi. Nilitamani kuifumua akiwa ameivaa.

Kobe aliweka pazia chini. "Shikamoo, Profesa. Nashukuru sana. Baba yangu ametangulia, jibu langu sikuwa nimelitoa. Naomba nafasi hiyo apewe mwingine."

"Unajua ni wangapi wanaililia?"

"Najua. Ndiyo maana nakwambia leo, nisiwacheleweshe."

Profesa akamuuliza anakwenda wapi. Kobe akamtajia. Profesa akacheka. "Huko watakufundisha nini?"

"Bado sijui, Profesa. Ndiyo naenda kufundishwa."

Simu ilipokatika, Kobe aliirudisha mfukoni, akaliokota pazia. Sauti yake, nakula kiapo, haikutetemeka hata kidogo.

Jioni ile alimkabili baba pale kibarazani. Baba akaruka juu. "Nilikusaidia! Nimekanyaga mafuta maisha yangu yote ili mwanangu akasomee kwenye mabati? Watu nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli, baba. Nakuheshimu, na nafasi nimeikataa. Mwisho wa mwezi naondoka." Kisha akakaa chini karibu na miguu yake, akamweleza habari ya king'ora, ya Profesa, na ya chai. Baba akaongeza sauti ya redio. Kobe naye akaongeza yake, akamaliza alichokuwa anasema, ndipo akainuka.

Baba akanuna. Mzee huyu akinuna, nyumba nzima inatembea kwa ncha za vidole. Mezani tuko watatu, lakini ataniambia mimi, "Mwambie mdogo wako anipitishie chumvi," na mdogo wangu yuko ubavuni pake. Kobe alikuwa anampitishia, anamtakia chakula chema, anaendelea kufunga mizigo yake. Alimwandikia yule mama mfupi kwamba anakuja. Akatafuta chumba cha kupanga kwa simu. Akapitia vitabu vyake, vingine akavipa wenzake. Sijaona mtu akiondoka kwa utaratibu namna ile huku moyo unamuuma, na ulikuwa unamuuma, kwa sababu nilimsikia bafuni akifungua maji mengi kuliko ya kuoga.

Mimi nikakaa na wembe nikafumua nembo, uzi mmoja mmoja, makoti yote mawili. Vilibaki vitundu vidogo kifuani. Nikavipiga pasi, vikakataa kuisha. Nikasema basi, avae hivyo hivyo.

Asubuhi ya safari begi lilikuwa mlangoni. Baba alitoka chumbani amevaa ile suti, nikashangaa, nikadhani anakwenda kwa kinyozi kutukimbia. Akaja akakaa mezani. Redio hakuiwasha. Nikachukua birika nianze kumimina kama kawaida yangu, naye akafunika kikombe chake kwa kiganja.

"Subiri," akasema. "Nina langu."

Nikabaki na birika hewani. Kobe aliacha kufunga saa yake.

"Nilikwenda kwa Profesa bila kukuuliza. Hilo ni kosa." Alikuwa anaongea na kikombe. "Halafu nikasema ni kwa ajili ya jina la hospitali. Si jina. Ningekuwa na haja gani na jina, mimi? Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa naondoka, ninyi mnabaki mlangoni mnanipungia. Nikaona kubaki ni jambo dogo. Sasa ni zamu yangu kubaki, Kobe, na siwezi. Nilitaka uwe karibu, basi."



Kobe aliinuka, akaninyang'anya birika mkononi. Akakiruka kikombe changu, akakiruka chake, akammiminia baba.