Jibu Nililompa Bibi

Mwezi uliopita nilirudi Mahege kumjulia hali jirani yetu wa zamani, aliyeanguka akavunjika nyonga. Usiniulize kwa nini sikwenda mapema, ndugu yangu. Kiwanja cha bibi sasa kina mikorosho ya watu wengine, na kanisa letu dogo la makuti halina hata alama.

Tulikuwa Wakristo wachache mno, nyumba nne kama si tano, katikati ya Waislamu waliotupenda. Babu aliletwa huko kufundisha shule, akafa, bibi akakataa kuondoka. Msimu wa mpunga tulihamia shambani. Mimi nilipanda juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu, nikapiga debe kutwa nzima kufukuza ndege. Chini yangu bibi alisonga ugali, akachemsha perege wa kubanikwa kwa tui la nazi, huku akiimba wimbo uleule mmoja wa kanisani. Hakuwa na shaka hata chembe. Akizungumzia mbinguni ungedhani anazungumzia Kibiti, kwamba ni kupanda gari tu na kushuka. "Wokovu haurithiwi kama shamba," alizoea kusema.

Nilibatizwa nikiwa na miaka kumi na miwili. Mwinjilisti aliniuliza kama ninaamini, nikasema ninaamini, kwa kuwa wenzangu walisema hivyo, na kwa kuwa nilikuwa nimeshonewa gauni jeupe. Nilisubiri kitu kinishukie moyoni. Hakikushuka.

Baada ya miaka miwili bibi aliugua tumbo. Jirani yetu huyuhuyu, mama wa swala tano, ndiye aliyemwogesha na kumkorogea uji. Asubuhi moja bibi alinishika mkono, akaniuliza taratibu:

"Mjukuu wangu, umeokoka kweli, au unanifurahisha mimi?"

"Nimeokoka, bibi."

Akatabasamu. Siku ya tatu akafariki. Maisha yangu yote nimejifariji kwa tabasamu lile: nilidanganya, ndiyo, lakini bibi aliondoka na amani.

Jirani haoni vizuri siku hizi. Nilikaa kwenye mkeka kando ya kitanda chake, nikajikuta nimemsimulia yote, hata yale ambayo sijawahi kumwambia mume wangu. Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu.

"Alijua, mwanangu," akasema. "Ulipotoka kwenda kuteka maji, alilia. Akanambia, huyu mtoto hana kitu moyoni, na mimi sina siku za kumngoja."

Hakusema kwa ubaya. Alidhani nitafurahi kujua nilivyopendwa.

Nimeimba kwaya, nimeongoza maombi, nimesimama makaburini nikiwaahidi wafiwa ufufuo. Nikipiga magoti peke yangu, nasikia sauti yangu tu. Zamani alikuwepo mtu mmoja aliyenitazama usoni akaona kwamba sijafika, akanililia. Sasa kanisani wote wananiita mtumishi, na hakuna anayeniuliza.