Mfanyakazi Bora wa Juma

Nilipomaliza masomo ya usimamizi hapa Goma, nilikuwa na daftari moja la jalada la kijani nililolipenda kuliko nguo zangu zote. Ndani yake nilikuwa nimeandika, kwa kalamu za rangi tatu, kila nadharia tuliyofundishwa juu ya kinachomfanya mtu apende kazi yake. Kulikuwa na ngazi ya mahitaji, inayoanzia tumboni na kupanda hadi kwenye heshima. Kulikuwa na ile inayotenganisha mambo yanayoondoa manung'uniko tu na mambo yanayoleta furaha ya kweli. Na kulikuwa na ile inayosema mtu hujituma akijua kwamba juhudi yake itaonekana. Hiyo niliipigia mstari mara mbili.

Depo ya kahawa iliyoniajiri iko upande wa Katoyi. Mwenye depo ni muzee mmoja Mwislamu, ambaye babu yake alitoka Maniema akifuata biashara. Ananunua kahawa kwa wakulima, anaisafisha na kuiuza nje. Wanawake kumi na wanane huketi kwenye meza ndefu wakichambua punje moja moja: nyeusi, iliyovunjika, iliyotobolewa na mdudu, zote hutupwa. Siku ya kwanza muzee alinitembeza ukumbini, akaniambia, "Mwanangu, hawa mamas wanatumika kazi muzuri, lakini nataka wapende kazi yenyewe. Si mulisoma ile?"

"Ndiyo, papa, tulisoma."

Kesho yake nilisimama mbele yao nikawaambia nimekuja kuwaletea motivasyo. Nyuso zote ziling'aa. Mama mmoja akauliza, "Itatoka lini? Mbele ya sikukuu ao nyuma?" Nilikuwa nimesahau kwamba mjini kwetu motivasyo ni pesa ya kutia mfukoni. Nilipoeleza kwamba yangu ni ya moyoni, walinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

Nilianza hata hivyo. Zamani punje safi za meza nzima zilimwagwa kwenye gunia moja. Mimi nilimpa kila mama beseni lake, na jioni nikapima la kila mmoja. Siku ya Ijumaa, aliyesafisha nyingi kuliko wenzake angepigwa picha, na picha ingebandikwa ukutani chini ya maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu: MFANYAKAZI BORA WA JUMA.

Wa kwanza alikuwa mama wa Kibumba, mpana wa mabega, aliyelima viazi na maharagwe miaka mingi kabla ya kuhamia mjini. Vidole vyake vilikwenda mbio hata macho yangu hayakuvifuata. Wenzake walimpigia vigelegele, naye alicheka akiziba mdomo kwa kitenge. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikitembea kama waziri.

Juma la pili beseni lake lilishuka. La tatu likashuka zaidi, akawa karibu wa mwisho. Ukumbi nao ulikuwa umenyamaza. Zile hadithi za wakwe na za harusi, ambazo nilizisikia siku ya kwanza zikizunguka meza nzima, zilikatika. Nilifungua daftari langu. Labda sifa imemchosha? Labda alitaka zawadi ya kushika mkononi? Niliamua kumwangalia.

Nilimwona Jumatano, baada ya chakula cha saa sita. Alikusanya punje safi kiganjani, akazisogeza polepole hadi kwenye beseni la jirani yake, bila kumtazama, kama mtu anayepitisha chumvi mezani. Kisha akafanya tena. Jirani huyo alikuwa mama mwembamba wa Rutshuru, mpole, aliyeinamia kahawa mpaka pua yake ikakaribia kuigusa.

Nilimwita yule wa Kibumba nje, kando ya ukuta wa mawe.

"Mama, juu ya nini unatoa kazi yako?"

Alipangusa mikono kwanza. "Mwenzangu macho yanamuharibika. Ni mwaka sasa. Mbele ya kuja kwako, gunia ilikuwa moja, hakuna mutu aliona. Tulikuwa tunamufunika. Weye ulileta mabeseni, na sasa kila jioni anatetemeka."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie nini, mwanangu? Ulikuwa na furaha sana na ile picha."

Aibu ilinipanda shingoni. Nilikuwa nimempa mmoja heshima na mwingine hofu, na yule wa heshima alikuwa akiikwepa kwa mikono yake mwenyewe. Niliingia ndani, nikabandua picha, nikamkabidhi. Hakukasirika hata kidogo. "Hii nitamupelekea mama yangu kule Kibumba," alisema. "Anafikiri huku ninakaa bule."

Lakini jambo lenyewe halikuweza kuachwa hivyo. Nilimwambia mama wa Rutshuru twende kwa muzee, nami nitasema kosa la mabeseni ni langu. Alifunga upya kitambaa chake cha kichwani. "Akinifukuza sitamuchukia," aliniambia. "Ninakuomba tu, usiseme kama wenzangu walimudanganya."

Tulimkuta muzee ofisini, mbele ya vikombe vitano. Katika kila kimoja alikuwa ametia kahawa ya mkulima mmoja, iliyokaangwa na kusagwa muda huo huo, akiinusa kabla ya kumwagia maji. Nilifungua kinywa nianze, lakini mama alisimama kizingitini, akainua uso.

"Papa, unisamehe. Moja ya hizi iko na kiazi."

Watu wa kahawa wa huku wanaijua kasoro hiyo. Punje moja, isiyo na alama yoyote machoni, ikisagwa hunuka kama kiazi kibichi na kuharibu kikombe kizima. Muzee alikuwa amekwisha kunusa vyote na hakusikia kitu.

"Gani?"

Mama aliinama kikombe hadi kikombe, akagusa cha nne. Muzee alimwaga maji ya moto, akangoja, akaonja kwa kijiko. Uso ulimkunjamana. Akamwambia mama ageuke ukutani, akavichanganya vikombe, akamwita tena. Mama alikipata kile kile. Muzee akasaga kahawa nyingine mpya, mama akasema, "Hizi ziko safi zote." Zilikuwa safi.

"Ulijifunzia wapi?"

"Sikujifunza, papa. Tangu macho yalianza kupunguka, hii pua ndiyo inanisaidia."

Hapo nilimweleza muzee yote, maana sikuona njia ya kusema nusu. Alikasirika kweli. Mwaka mzima, alisema, kahawa yake inapita mikononi mwa mtu asiyeiona, na ukumbi mzima unajua isipokuwa yeye! Mama alisimama akitazama chini. Kisha muzee alivisogeza vikombe upande wa mama. "Kesho unaanza kazi ya kunusa humu ndani," alimwambia. Mimi akaniambia, "Na weye, rudisha gunia moja."

Nililirudisha, na baada ya siku chache harusi na wakwe walirudi mezani. Daftari sikulitupa. Yaliyoandikwa humo juu ya heshima ni kweli, niliyaona usoni mwa mama wa Rutshuru siku alipovaa blauzi nyeupe, koti la kazi la waonja kahawa. Ila mimi nilikuwa nimeyasoma kama vile kila mfanyakazi anakaa peke yake kwenye meza yake.

Sasa mama huyo amekwisha kufundisha wengine wawili, na chumba cha kuonja kina sheria zake: hakuna samaki, hakuna sabuni ya harufu, hakuna mafuta ya nywele. Ijumaa moja muzee alitoka msikitini moja kwa moja akaja kuonja, amejipaka marashi.

"Papa, simama hapo hapo," mama alisema. "Marashi yako yataniharibia kazi."

Wale wanafunzi wake wawili nami tuliacha vijiko. Muzee alitutazama, akageuka, akatoka. Tulisikia maji ya bomba uani. Alirudi mikono ya kanzu imelowa.

"Sasa ninaweza kuingia?"

"Ngojea kidogo, papa," mama alijibu. "Ikauke kwanza."