Eda ya Sebuleni

Kabla sijafumbua macho nilisikia chuma kikikwaruza vigae. Nilikuwa nimejilaza adhuhuri ile nikingoja zamu yangu dukani, na nikajua ni kitanda kinaburutwa sebuleni.

Fleti yetu ya Al Muraqqabat tulikaa wanawake watupu. Pembe ya sebule, nyuma ya kanga mbili zilizoshikizwa kwa vibanio vya nguo, ilikuwa ya bibi mmoja wa Unguja, fundi cherehani. Mumewe alifia kwao, akazikwa bibi akiwa huku ughaibuni. Basi akakaa eda papo hapo, kwa nguo nyeupe, bila kutoka nje. Zamani pembe ile tulisalia, tukachagulia mchele, tukaanikia nguo. Tangu msiba, kila aliyepita mbele yake alishusha sauti, hata aliyekuwa akigombana na mtu kwenye simu.

Siku hizo nilikuwa naandika riwaya ya kijiji cha Ulaya ya kale. Kanisani mwao kiambaza cha mbao kilitenga madhabahu na upande wa watu, ambako walisali, wakapatana bei ya kondoo, na mwaka wa mvua mbaya wakahifadhi nafaka. Kiambaza kile kilidumu vizazi.

Nilipotoka chumbani, mwenzetu Mkenya, aliyeandikisha fleti kwa jina lake na kutupangisha vitanda, alikwisha kukivuta kitanda cha bibi na kuishusha kanga moja.

"Usinione mbaya, bibi. Mpangaji anayelipa anaingia leo. Nenda kwa mpwa wako Sharjah."

"Nimo edani, mwanangu. Na kwa mpwa wangu wanalala wanaume watupu."

"Si utajifunika? Yalla, bibi, haya twende."

"Eda hukaliwa nyumbani."

"Hapa si nyumbani. Hapa ni sebule."

Nikamwambia bibi achukue kitanda changu.

"Chako cha juu, mwanangu. Magoti haya yatapanda ngazi?"

"Na kitanda kimoja ni mtu mmoja," Mkenya akakatiza.

Wenzetu walisimama jikoni, wakitazama sufuria. Nami, niliyejaza kurasa kwa habari za watu waliokufa kale, nikaitungua kanga ya pili ya huyu aliye hai, nikamkunjia.

Bibi akakunja mkeka wake. "Nichungulilie nje," akaninong'oneza, "kama hamna wanaume."

Walikuwapo wawili, wamebeba godoro la mpangaji mpya. Tukangoja wapite. Hawakupita, walikuwa wanakuja kwetu. Bibi akavuta mtandio mpaka puani, akainamisha macho, akapenya katikati yao, akatoka. Godoro likaingia. Mkenya akausukuma mlango kwa kisigino, ukafungika.