Anayeamua Nani Abebwe Kwanza

Saa moja asubuhi, Machi 1975. Kwenye baraza ya zahanati ya kijiji kipya cha ujamaa, njia ya Njinjo, Skolastika Leonadi amemkumbatia mtoto mwenye degedege. Pembeni amelala Mzee Likwata, mguu umeoza. Mvua imekata barabara. Hospitali iko maili kumi na nane, na mgonjwa huenda kwa machela, mabegani mwa watu.

Machela iliyobaki ni moja.

"Leo pia si mimi, mwanangu?" anauliza mzee.

"Kesho, baba. Nisamehe."

Mtoto anapakiwa kwenye machela; mzee anageukia ukutani.

Kijiji kina machela tatu na wachukuzi ishirini na wanne, na Skolastika, mhudumu wa zahanati, ndiye anayewapanga. Mwaka jana kila balozi wa nyumba kumi alikuwa na machela yake, kwa watu wake tu. Kwa maneno, utaratibu safi kabisa.

Kisha Romana, mjamzito wa hapa kijijini, akashikwa na uchungu huku machela ya balozi wake ikiwa safarini. Mbili nyingine zilikuwa zimeegemezwa ukutani, wachukuzi wanacheza bao.

"Walinijibu, 'Huyo si wa nyumba zetu, mama.' Walinijibu hivyo hivyo, bila haya," anasema Skolastika.

Romana alikufa alasiri, na mtoto tumboni.

Baada ya mazishi Skolastika aliomba machela zote ziwe za kijiji: iliyo tupu imchukue asiyeweza kungoja. Kijiji kikakubali. Kwa utaratibu wa zamani, kati ya wagonjwa kumi na mmoja wanne walifia kijijini. Kwa huu mpya, kati ya kumi na wanne amekufa mmoja.

Huyo mmoja ndiye anayemtesa. Nassibu alikuwa na kidonda, na kila siku alitokea aliyezidiwa kuliko yeye. "Nilimwambia kesho mara nne. Ya tano hakunisikia."

Mabalozi wanataka kila mmoja wao arudishiwe machela yake. Mkutano wa Jumamosi utaamua, na Skolastika anasema hatakubali warudi kule. Ila ataongeza sharti: aliyeahirishwa mara mbili haahirishwi tena, hata nyuma yake aje nani.

Na akija anayekata roho? anaulizwa.

Anakunja khanga mapajani.

"Binti yangu Agnes ana mimba ya miezi minane," anasema. "Nimeshamwambia. Naye atangoja."