Kichuguu cha Kupigia Simu

Picha ya bibi yangu akilishwa uji kitandani niliiona kazini, saa ya chai, kwenye simu ya mtu ambaye kwetu Mahurunga hajawahi kufika. Mwenzangu wa ofisini hapa Naliendele alinisogezea simu yake akaniuliza kwa upole, "Pole jamani, huyu si ndiye bibi yako unayetusimuliaga?" Ndiye. Kichwa wazi, nywele nyeupe zimetimka, khanga imemteleza begani, mdomo uko wazi unasubiri kijiko. Bibi huyu ndiye aliyenilea, na miaka yote ile sikuwahi kumwona akitoka hata kuanika muhogo bila kujitanda.

Picha ilianzia kwenye kundi letu la familia, ambalo tangu juzi yake sikuwa nimelifungua. Mama mdogo, binti wa mwisho wa bibi, aliyebaki kijijini akimuuguza, ndiye aliyeituma, na chini yake akaandika: mwombeeni mama. Mmoja wetu akaipeleka kwenye kundi la waliosoma pamoja, mwingine kwenye kundi la watu wa nyumbani waishio Dar es Salaam, na huko ikazunguka mpaka ikanifikia mimi mjukuu kwa mlango wa nyuma. Niliomba ruhusa nikaondoka kwenda kijijini, chai yangu sijaimaliza. Nilitaka kitu kimoja tu: ile picha ifutwe, na isitumwe nyingine. Wanaonijua wanasema nikishaamua jambo sina breki, nami sijawahi kuwabishia.

Sasa nikwambie, rafiki yangu, kwa nini jambo hili lilinichoma hivyo, maana wapo wengi walioniona nimekuza mambo. Mimi nimelelewa jirani na kichuguu.

Kilikuwa kichuguu hasa, kikubwa kuliko jiko la bibi, nyuma ya nyumba ya jirani yetu muuza vitumbua. Jirani huyo alikuwa wa kwanza mtaani kwetu kuwa na simu, ya vibonye, nzito kama kipande cha sabuni, aliyotumiwa na mwanawe. Tatizo lilikuwa mtandao. Ukiishika uani ilikamata minara ya ng'ambo ya Ruvuma, ikakukaribisha kwa Kireno, na jirani alikuwa akiijibu kwa heshima, "Ahsante, nasi wazima." Mtandao wa kwetu ulipatikana juu ya kichuguu tu, tena usimame upande wa kulia na uso uuelekeze Mtwara mjini. Watu walikipanda mpaka kikatoboka vidato. Wanaume wazima na kanzu zao, akina mama na watoto mgongoni, wote walipanda, wakabipu, wakasubiri kupigiwa.

Na wote walipiga kelele. Hili lilikuwa kosa letu sote, hakuna aliyeliona kuwa kosa. Tuliamini kwamba kwa kuwa Dar es Salaam ni mbali, lazima sauti ipazwe ifike. Mtu wa Mikindani ulizungumza naye kwa sauti ya kawaida kidogo, wa Dar es Salaam ulimfokea mpaka mishipa ya shingo ikutoke. Kwa hiyo ugomvi wa mume na mke, mimba, ugonjwa, posa iliyokataliwa, vyote vilitangazwa kutoka juu ya kichuguu, na mkutano wenyewe ulikuwa chini yake, kwenye uwanja wa bibi, ambako wanawake walikaa kila alasiri kubangua korosho.

Nikizikumbuka alasiri hizo nasikia kwanza harufu. Bibi alikaanga korosho mbali na nyumba, kwenye bati lililotobolewa matundu, mafuta ya maganda yanawaka moto na moshi unakaba koo. Zikipoa tulizimwagia majivu ili mafuta yasitubabue mikono, kisha kila mtu na jiwe lake na kijiti chake. Ko, ko, ko. Pembeni kulikuwa na ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwenye ungo, na sisi watoto tulipewa korosho zilizovunjika, nzima zikaenda kwenye bakuli. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi msimu mzima, hata shuleni tulijulikana.

Ni hapo ulipozaliwa utaratibu ambao sijauona popote pengine. Mtu akianza kupanda kichuguu, mazungumzo yalikatika. Wanawake waliinama, wakaanza kubangua kwa nguvu, wote kwa pamoja, mpaka uwanja mzima ukawa mlio mmoja. Nasi watoto tulipewa mawe tusaidie. Aliye juu alimfokea mumewe atakavyo, na sisi chini hatukusikia kitu, au tulisikia vipande visivyo na maana. Akimaliza alishuka, akapita mbele yetu. Akikaa na kusema, alisikilizwa kana kwamba habari ndiyo kwanza inafika duniani. Akisalimia na kupita, basi habari ilibaki yake.

Na kama mmoja wetu alinasa neno na kuanza kulichokonoa, bibi alimkata hapo hapo. "Mwache ntu. Bado hajashuka." Hata kama mtu mwenyewe alishashuka siku nyingi, amekaa kwake anapika, kwa bibi alikuwa hajashuka mpaka aseme kwa kinywa chake. Nasi akatuambia, "Mlichosikia hapa mkiache hapa hapa na maganda." Mama mdogo wakati huo alikuwa msichana, na kwa kubangua kwa kelele hakuna aliyemfikia.

Usidhani bibi alikuwa adui wa simu. Alizipenda, ila alizihoji. Mwalimu wetu wa hesabu, aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, alikuwa na simu yenye gemu ya nyoka, na aliyepata hesabu zote aliruhusiwa kucheza. Niliwahi kuileta uwanjani, mwalimu kaniamini. Bibi akauliza ndani mna nini. Nikamwambia mna nyoka. Akarudi nyuma na kigoda chake. "Nyumbani kwangu haingii. Nyoka ni nyoka." Nikamweleza ni mchoro tu. "Anakula?" Anakula, bibi. "Anakua?" Anakua. "Basi nini tena unataka awe nacho ndiyo umwite nyoka?" Lakini baadaye kidogo nilimsikia nyuma ya bega langu ananielekeza kwa ukali, "Kata kona, kata! Unajigonga mwenyewe, we ntoto!"

Mwalimu huyo huyo ndiye aliyepigiwa simu siku moja na ndugu zake. Alipanda kichuguu na shati lake la kazini, akasikiliza kidogo, kisha akakaa chini kule juu, kwenye vumbi. Halafu akalia. Mwanamume, mwalimu, mbele ya kijiji kizima, analia kwa lugha ya kwao ambayo hakuna aliyeijua. Bibi alilipiga jiwe lake kama anataka kulipasua, na wengine wakamfuata. Hakuna aliyeinua uso. Tulibangua, tukabangua, macho yameinama lakini hayaangalii mikono, na hakuna korosho iliyotoka nzima. Msimu mzuri vile, wanawake wale wanajua thamani ya kila punje, na wakaziponda zote. Aliposhuka alisema "Za jioni" akapita. Wakaitikia. Kesho yake alikuja mwenyewe, akakaa kwenye mkeka, akatuambia baba yake amefariki. Ndipo bibi alipolia, akalia hasa, na jioni ile chakula kikapelekwa kwa mwalimu kutoka kila nyumba, ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, Waislamu kwa Mkristo, wala hakuna aliyekumbuka kulitaja hilo.

Kwa hiyo unaona. Mimi nilidhani hivyo ndivyo dunia ilivyo, kwamba popote penye simu pana watu wanabangua korosho.

Nilipofika Mahurunga kichuguu hakikuwepo. Kimechimbwa kufyatulia matofali, na mnara sasa uko karibu kabisa, unashika mpaka chooni. Korosho nazo watu hawabangui tena nyumbani ila kidogo ya kutafuna. Zinakwenda ghalani na maganda yake. Uwanja wa bibi ulikuwa kimya, na katika nyumba ya jirani, marehemu sasa, vijana wawili walikaa kizingitini kila mmoja na simu yake, wanacheza gemu bila kutazamana.

Mama mdogo alinipokea vizuri mpaka nilipoitaja picha. Hapo uso ukabadilika.

"Umetoka Naliendele kuja kunisema? Nani anamgeuza usiku huyu? Nani anamfulia?"

"Ni wewe, mama mdogo. Sikatai."

"Basi. Nilitaka wamwombee. Nyie mkiandikiwa mama anaumwa mnajibu pole, mnatuma ua, mmemaliza. Mkimwona ndiyo mnaamini. Na siku hizi siri ya nini? Kila mtu anajiweka huko."

Alikuwa na haki yake, nami niliona aibu kwa lile ua, maana hata mimi nililituma. Lakini sikurudi nyuma. Nilimwambia kila mtu anajiweka mwenyewe, bibi amewekwa. Nikamwambia na habari za binti yangu, anayecheza gemu mtandaoni na watoto wa nchi ambazo hata mimi sizijui, na siku moja nilipomkaripia akanijibu kwamba huko hajawahi kutoa jina lake wala picha yake, wala hajamtaja mtu wa nyumbani. Mtoto anajua hivyo kwenye mchezo, sisi wazima kwenye kundi la ukoo tumeshindwa.

"Bibi yako mwenyewe hata hajui kama kuna picha," mama mdogo akasema.

"Basi twende tumuulize."

Bibi alikuwa macho. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti nyembamba, akanitaja jina, na akili yake ilikuwa timamu. Mama mdogo ndiye aliyemwonyesha. Bibi aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Wameiona akina nani?"

"Watu wengi, mama. Wote wanakuombea."

Bibi akauvuta upindo wa khanga kwa mkono wake mmoja uliobaki na nguvu kidogo, taratibu, mpaka ukafunika kichwa. Hakutaka nimsaidie. Alipomaliza akamwangalia binti yake, si kwa hasira, kwa mshangao tu.

"Mbona mmenisema, nami sijashuka?"

Mama mdogo aliketi sakafuni pale pale. Alilijua neno lile kabla yangu, alikua nalo. Alilia, akaifuta picha, na alipoifuta aligundua kwamba kufuta kwake ni kwenye kundi letu tu. Nikaandika humo kwa jina langu kamili: picha ya bibi ifutwe na kila aliyenayo, popote alipoipeleka aiombe irudi, na kuanzia leo mtu wa ukoo huu hapigwi picha akiwa mgonjwa mpaka aulizwe yeye mwenyewe. Binamu yangu mmoja akajibu kwa maneno marefu kwamba naishi zamani. Mwingine akajitoa. Wengine wakafuta, kimya kimya, nikawashukuru mmoja mmoja. Najua mahali fulani ipo bado, kwenye simu ya mtu nisiyemjua, na itakuwepo nikiwa mimi mwenyewe bibi. Nitaendelea kuwaandikia. Wataniona msumbufu na nitazoea.

Kichuguu siwezi kukirudisha, wala simtamanii mtu zile safari za kupanda na mtoto mgongoni. Ninachokililia ni wale wanawake walioinama. Teknolojia tulikuwa nayo, nasi tuliitafutia adabu yake wenyewe, kwa mawe na vijiti, bila kufundishwa na mtu. Halafu mtandao ukafika kila chumba, na adabu tukaiacha uwanjani.

Bibi alikuwa hajamaliza. Alinyoosha mkono. "Nipeni hiyo simu. Nataka kusema na mwanangu." Alimaanisha mjomba, aliye Dar es Salaam. "Nanyi tokeni."

Nikampigia, nikamwekea simu sikioni juu ya mto, tukatoka. Mama mdogo aliingia jikoni akarudi na kikapu cha korosho za kutafuna, zilizokaangwa na maganda yake, bakuli na mawe mawili. Jiwe moja akanipa mimi. Tulikaa kizingitini tukainama.

Ndani bibi alianza. Hakuwa na nguvu ya kushika kijiko, lakini Dar es Salaam ni mbali, kwa hiyo alipaza sauti. Nilisikia jina la mjomba. Nilisikia, "Mwanangu, sikiliza." Mama mdogo akalipiga jiwe, nami nikalipiga la kwangu, ko, ko, ko, kwa nguvu zetu zote, machozi yanatutoka, mpaka wale vijana wa jirani wakainua vichwa kutoka kwenye gemu zao na kutushangaa. Hatukuacha mpaka ndani kulipokuwa kimya.

Aliyosema siyajui, kwa sababu hajatuambia. Kwenye bakuli hapakuwa na korosho hata moja nzima.