Shangazi Alipoambiwa Afumbe Macho

Juzi, kwenye basi la kutoka mtaa wa Acocks Green, huku ughaibuni, nilikaa mkabala na Wakongomani wawili, binti na shangazi yake. Kwa nilivyosikia, binti anasomea kuwahudumia wagonjwa wanaopewa dawa za kubadili fahamu, katika majaribio ya kutibu majeraha ya nafsi. Kesho yake alikuwa na mtihani: kumsaidia mgonjwa ausikilize mwili wake, bila kumkimbilia kwa maneno wala kumgusa. Akaamua kujipima kwa shangazi.

"Shangazi, funga macho. Sikiliza miguu yako."

Shangazi akafumba macho, akainua mikono. "Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa basi hii, na chauffeur anayeiendesha…"

"Shangazi, haiko maombi!"

"Sasa si wewe uliniambia nifunge macho?"

Nikaficha kicheko kwenye skafu. Hata kwetu, mtu mzima hafumbi macho mchana bila sala.

Wakaanza upya. Vituo viwili vikapita. Kisha shangazi akasema polepole, macho bado yamefumbwa, "Hii miguu ilitembea sana. Toka kwetu mpaka mpakani."

Mkono wa binti ukanyanyuka kumpapasa, ukasita, ukarudi mapajani. "Niko hapa," akasema tu.

Shangazi akavuta pumzi ndefu, akajifuta shavu, akafumbua macho akitabasamu. "Amina."

Sijui watahini walimpa alama gani. Mimi, ambaye sikualikwa, na ambaye kituo changu kilishapita zamani, niliitikia "Amina" kwa sauti.