Ndege wa Boneti Aliyeingia Jikoni Dagoretti

Harufu ya dawa ya kung'arishia chuma bado hunirudisha uani kwetu, nyuma ya Adams Arcade, Jumamosi asubuhi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Ilikuwa harufu kali, jamaa ya mafuta ya taa, na Baba aliipenda kuliko manukato yoyote. Gari letu lilikuwa kuukuu, urithi kutoka kwa babu, lenye milango mizito na viti vya ngozi vilivyopasuka. Lakini nani alitazama viti? Macho yote yalikimbilia mbele, juu ya boneti, aliposimama ndege wa chuma kinachometameta, kifua mbele, mabawa nyuma. Ukiketi ndani ulimwona akitangulia, ukaamini ni yeye anayetupeleka, si injini. Watu wazima walisimama kando ya barabara wakamtazama wakitabasamu. Baba alimpulizia pumzi, akampangusa kwa kitambaa laini, akampulizia tena. Mimi nilichungulia nikaona uso wangu kifuani mwake, mrefu kama tango, nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa na wivu. Baba hakuwahi kunipangusa pua kwa upole ule, na nilijiuliza kwa dhati anampenda nani zaidi.

Mapambo ya namna ile yalikuwa na miguu mjini. Ukiegesha gari River Road, Baba alikokuwa na kiduka cha kuchapisha kadi za harusi, ukirudi ungekuta tundu tupu. Kwa hiyo Baba alikuwa na sheria yake: kabla hajafunga milango, alimfungua ndege kwa spana, akamviringisha kwenye kitambaa na kumkabidhi Mama, naye akamtia kwenye kiondo, kikapu chake cha kufumwa. Ndivyo ilivyokuwa hata siku ya ruracio ya baba mdogo Kamau, siku ambayo jamaa yetu ilikwenda Dagoretti kupeleka posa kwa wazazi wa mchumba wake. Tulipitia River Road kuchukua blanketi la mama mkwe. Tulikuwa tumechelewa, Mama anahimiza, Kamau anatokwa jasho kwenye suti mpya. Haraka haraka haina baraka: tuliondoka bila mtu kukumbuka kumrudisha ndege mahali pake, na kwa pupa ya kuwahi hakuna aliyeona njiani kwamba boneti ni tupu.

Kule Dagoretti akina mama walitufungia lango, wakaimba, wakatutania kuwa hatuna nguvu za kubeba mke, hatimaye wakatufungulia na kupokea viondo vyote vya zawadi kutoka migongoni mwa wanawake wetu. Vikaenda jikoni moja kwa moja. Muda si muda, baba wa bibi harusi akasema amesikia habari za gari letu na angependa kumwona huyo ndege. Baba akamtangulia kwa madaha. Alipofika mbele ya boneti, akakuta tundu tupu. Akamwambia mzee kwamba leo ndege amepumzika, mzee akacheka na kurudi ndani.

"Mama Wanjiku, ile ndege iko wapi?" Baba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Si ulinipea nikaweka kwa kiondo?"

"Kiondo gani?"

Mama alitazama upande wa jikoni. "Ile ya sukari."

Kwa desturi yetu, kitu kilichoingia nyumba ya wakwe siku ya posa hakidaiwi. Kukiomba ni kuonyesha kwamba unaanza kurudisha maneno yako, na maneno hayo yalikuwa ndoa ya Kamau. Yeye mwenyewe alikuwa ametufuata, uso umemshuka.

"Brathe, tafadhali, usiwaulize," alisema. "Huyu msichana nimemngoja sana."

Baba alilitazama lile tundu, akamtazama mdogo wake. Nilikuwa nimemshika koti, nikahisi akivuta pumzi ndefu. "Wacha iende," alisema. "Ni zawadi." Kisha akaingia ndani, akala, akacheka na wakwe kama mtu ambaye hajapoteza kitu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Jioni viondo vikarudishwa, na kiondo hakirudi kitupu. Shangazi wa bibi harusi, mwanamke wa sauti kubwa aliyetawala jikoni, alimkabidhi Mama cha mwisho kwa mikono miwili. "Beba pole pole, Mama Wanjiku," alisema. "Sukari yenu ilikuwa na mabawa." Wenzake wakaangua kicheko. Hatukuthubutu kufungua hadi tulipofika barabara kuu. Chini ya ndizi na nduma, ndani ya kitambaa kilekile, ndege alikuwa amelala, chembe za sukari mdomoni. Baba aliegesha gari kando akacheka hadi machozi yakamtoka, Kamau akimkumbatia kutoka kiti cha nyuma. Nami nililia kwa nafuu, si kwa sababu ya ndege, bali kwa kuwa sasa nilijua Baba anampenda nani zaidi.

Sasa naishi Kilimani, na magari yaliyopangwa chini ya ghorofa letu yana boneti laini, yanafanana kama mayai. Langu ni mojawapo. Naliegesha popote, nabonyeza kitufe, naondoka bila wasiwasi, na kusema kweli sitamani ile kazi ya spana. Ila watoto wangu hawajawahi kuniona nikipenda kitu kiasi kile, wala kusikia nikisema, kwa ajili ya mtu, wacha iende. Mimi nilisikia, nikiwa nimeshika koti, kabla yeyote hajajua kwamba ndege angerudi.